Jinzi ikichanika mapajani usiifumue: mifuko na mapindo yake yanatosha kupanga chumba kizima

#1

Wakuu, habari za humu.

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja au chumba na sebule. Kabati ni moja, limejaa kabla hata shuka hazijaingia. Chaja ziko juu ya tivii, rimoti imelala chini ya mto, vitunguu viko kwenye ndoo, miwani ya mzee haijulikani ilipo. Na juu ya kabati hilohilo kuna rundo la jinzi zilizochanika ambazo hakuna anayezivaa na hakuna mwenye moyo wa kuzitupa. Uzi huu ni wa rundo hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Mkate wangu ni kupunguza suruali, kuziba na kubadilisha zipu, kwa hiyo jinzi nazishika kila siku. Na kuna jambo moja nalisimamia: ukitaka kushona kitu cha kuhifadhia vitu kwa jinzi kuukuu, USIFUMUE. Mafundisho mengi yanayozunguka mitandaoni yanaanza kwa kukuambia ufumue mfuko, ufumue pindo, utoe mkanda wa kiunoni, upate kitambaa kitupu, halafu uanze kushona mfuko na pindo upya. Ni kazi ya bure. Kiwandani walishona pindo lile kwa mashine yenye nguvu ambayo mimi na wewe hatuna. Mfuko wa nyuma una mistari miwili na umekazwa kwenye pembe. Kiunoni kuna vikanda vya kupitishia mkanda, vimekazwa vilevile. Kazi ngumu imeshafanyika na imeshalipiwa. Wewe kata, unganisha, basi.

Tazama jinzi inavyozeeka. Inaanza kuisha kati ya mapaja, maana hapo inasuguana kila unapopiga hatua. Halafu magoti. Kwa wa bodaboda, makalio. Lakini mfuko wa nyuma unaukuta mzima, na pindo la chini zima, labda limepauka tu. Hiyo si bahati. Mei 20, 1873, Levi Strauss na Jacob Davis walipewa hataza Marekani, yaani haki ya uvumbuzi, ya kukaza pembe za mifuko kwa ribiti za shaba, vile vijipini vya chuma vilivyogongwa kwenye pembe. Davis alikuwa fundi cherehani mwenzetu, mji wa Reno, Nevada, akishonea watu wa kazi za sulubu waliotaka suruali isiyochanika hovyo. Tangu mwanzo wake suruali hii ilikazwa mahali panapobeba vitu, na sisi tunatafuta hasa kitu cha kubebea vitu.

Kuchagua na kukata

Ishike jinzi uivute kwa upana. Ikinyooka kama soksi na kurudi, ina mpira ndani. Hiyo itafaa mfuko mdogo wa kuning'iniza chaja, lakini kikapu hakitasimama na mfuko wa vitu vizito utalegea mpaka ufike sakafuni. Kwa kazi za maana tafuta zile ngumu, za kiume za zamani, ambazo ukizisimamisha zinataka kusimama zenyewe.

Fua, anika, piga pasi. Kata miguu yote miwili chini kidogo ya pale inapokutana. Sasa uangalie mguu: mara nyingi mshono mmoja ni mnene, una mistari miwili kwa nje, na wa upande wa pili ni mwembamba, ndani una ovaloki tu. Ukitaka kuufungua mguu uwe kitambaa bapa, kata kwa kuufuata ule mwembamba, kila upande wake, na uutupe. Ule mnene uache ubaki katikati, utasaidia kitu chako kisilegee.

Cherehani ya kawaida inaweza

Naona watu wanaogopa kuharibu cherehani. Sindano namba 16, na kwa jinzi nzito kabisa namba 18. Ukiweka 14 au chini itapinda, igonge chuma, ivunjike. Uzi wa polista, mnene juu, wa kawaida kwenye bobini. Legeza kidogo mkazo wa juu. Mshono uwe mrefu, saba au nane kwa inchi, kwa sababu mshono mfupi kwenye jinzi unatoboa kitambaa mpaka kinakuwa kama stempu ya posta.

Shida iko kwenye vilima, pale mshono mnene unapokutana na mwingine. Weka kilima hicho juu ya kitu kigumu ukigonge kwa nyundo kilainike. Paka sabuni ya mche kavu juu ya njia ya sindano. Kiguu kinachobana kitambaa kikianza kupanda na kuinamia nyuma, chukua kipande cha jinzi, kikunje mpaka kilingane na unene wa kilima, kiweke nyuma ya kiguu kikae sawa. Halafu achia kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke. Na ribiti usiisogelee na sindano, pita kando yake.

Mfuko wa kitandani

Hiki ndicho ningekushonea kwanza. Usiku ukishashusha chandarua, simu iko wapi? Tochi? Dawa ya mtoto? Kwa wengi viko sakafuni, na kila ukivifuata unawafungulia mbu. Nimeona za wenzetu wa nje, wanaacha ulimi mrefu wa kuchomeka chini ya godoro. Kwetu hiyo haifai, kwa sababu mfuko utaning'inia nje ya chandarua. Wetu unafungwa kwa kamba kwenye ubao wa kichwani, ndani ya chandarua.

Chukua mguu mmoja uliofunguliwa. Pima inchi 20 kuanzia kwenye pindo la chini, kata. Pindo huwa na upana wa inchi 16 hivi na juu panapanuka, kwa hiyo punguza pembeni palingane na pindo. Ulaze mezani, upande mweupe ukitazama juu. Hapa zingatia: ukiulaza kinyume, mfuko utatokea ndani nje. Kunja pindo kuja juu inchi 8. Umeona? Pindo la kiwandani limekuwa mdomo wa mfuko, hukushona kitu. Rangi ya bluu iko mbele na ukuta wa nyuma ni mweupe, kwa sababu kwenye jinzi nyuzi za urefu ndizo zinazotiwa rangi na za upana huachwa nyeupe.

Piga mistari miwili ya kusimama kuugawa: inchi 4 ya simu, 5 ya miwani na tochi, iliyobaki ya dawa au kitabu kidogo. Mistari isipite juu ya ule mshono mnene wa katikati. Kwenye mdomo, pale mstari unapoishia, rudi mbele na nyuma mara tatu, maana ndipo mkono unapovuta kila siku. Pembeni funika kwa utepe wa kitenge wa inchi 2, uukunje ushike pande zote. Juu kunja inchi moja na nusu kwenda nyuma, shona, pitisha kamba. Umekwisha. Jioni moja inatosha.

Kikapu

Mguu huo mwingine usiufungue. Pima inchi 14 kutoka kwenye pindo, kata, ugeuze ndani nje, ushone sehemu uliyokata. Pindo ndilo mdomo wa kikapu, kama tulivyofanya pale juu. Sasa chini: bana kila kona iwe pembe tatu, mshono wa chini ukiwa katikati yake, pima inchi 2 kutoka kwenye ncha, piga mstari wa kukatisha, kata ncha. Mguu uliokuwa na upana wa inchi 9 ukilazwa utakupa kitako cha 5 kwa 4, kimo inchi 11 na kitu.

Ili kisimame, ndani weka salfeti la mchele, lile la kilo 25 au 50. Likate na kulishona kwa vipimo vilevile, ulidumbukize, ukingo wake uuingize chini ya pindo na uushone ukizungusha kidogo kidogo. Vijiko vya kupikia, dawa za nywele, soksi, vifaa vya shule, kila kimoja na kikapu chake.

Cha ukutani

Kata nyuma ya suruali yote kwa kufuata mishono ya ubavuni, kuanzia kiunoni mpaka inchi 2 chini ya mifuko. Kwa kawaida vikanda vya kiunoni ni vitano na vitatu vinaangukia nyuma. Pitisha mpini wa fagio ndani ya vikanda hivyo, funga kamba ya katani pande zote mbili, ning'iniza. Mwenye nyumba hataki misumari? Nondo za dirisha zipo.

Ukitaka mistari mingi, chukua nyuma ya jinzi ya pili yenye kiuno kinachokaribiana, mkanda wake uulaze juu ya ukingo wa chini wa ile ya kwanza, piga mistari miwili. Kila suruali inakupa mifuko miwili. Zikifika tatu nyuma ya mlango, rimoti, mikasi, risiti za luku, vitana na funguo vimepata kwao.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu ubarikiwe sana kwa madini haya. Mimi niko hosteli, nalala chini kwenye kitanda cha deka, cherehani sina na sina wa kuniazima. Huo mfuko wa kitandani naweza kuushona kwa mkono?

#3

Ahsante mleta uzi. Naomba kutofautiana kidogo kama fundi mwenzako. Kwa hizi cherehani zetu nyeusi za miguu mimi sindano namba 18 siigusi kabisa. Inaacha tundu kubwa, na kwa jinzi iliyochakaa tundu hilo ndilo linaanza kuchana. 16 inanitosha kwa kila kitu, mradi nipunguze mwendo.

#4 (mleta uzi)

Fundi, hoja yako kwa jinzi iliyochakaa naikubali moja kwa moja. Kitambaa kikishalainika, 16 ndiyo yake. 18 naishika pale tu ninapolaza mkanda wa kiunoni juu ya kingine, kile cha ukutani, ambapo matabaka yanakuwa mengi na 16 inakwepa pembeni. Kwa anayeanza nunua 16 kwanza.

Mwanafunzi wa hosteli, unaweza, na huo mfuko ndio mwepesi kuliko vyote kwa mkono kwa sababu mishono yake mingi inapita tabaka mbili tu. Nenda kwa fundi viatu, mwombe sindano imara na uzi wake kidogo. Uvute uzi juu ya mshumaa usijisokote. Shona kwa kurudi nyuma: toa sindano mbele, irudishe pale mshono uliopita ulipoishia, itoe tena mbele. Ukishona kwa kwenda mbele tu, uzi ukikatika mahali pamoja mstari wote unaachia. Vaa subana, au jifunge kipande cha ngozi kwenye kidole cha kati. Na kwa kitanda cha deka usifunge kichwani, funga kwenye chuma cha ubavuni upande wa ukutani, watu wanaopita hawataugonga na simu haitaonekana mlangoni.

#5

Hodi kutoka Mombasa. Mimi hununua jinzi mtumba pale soko la Kongowea, zile zilizotoboka huuzwa bei ya chini sana. Nimeshona kikapu leo asubuhi kwa maelezo yako na kimesimama vizuri. Maswali mawili. La kwanza, naweza kuweka vitunguu na viazi humo? La pili, tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 sisi hutembea na mifuko yetu sokoni. Nataka kushona wa jinzi. Wengi hutumia ile sehemu ya juu ya suruali, unafunga chini unaweka mikono. Wasemaje?

#6

Dada wa Mombasa hongera. Sisi huku Tanzania Bara marufuku ilianza Juni 1, 2019, na ile mifuko mbadala inayouzwa mishikio inang'oka kabla hujafika kituoni. Nasubiri jibu la swali la pili na mimi.

#7 (mleta uzi)

Hongera sana dada yangu. Vitunguu weka, lakini kikapu hicho kisiwe na salfeti. Jinzi ni pamba, inapitisha hewa, ukiweka salfeti ndani unyevu unabaki na vitunguu vinaota au kuoza. Ili kisimame bila salfeti, fanya mguu uwe mfupi, inchi 10, na mdomo uupindue nje mara moja. Viazi vinahitaji giza, vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na havifai kuliwa. Kwa hiyo viazi vipe mguu mrefu zaidi, juu uwe na kamba ya kufunga. Na visikae kikapu kimoja na vitunguu.

Mfuko wa sokoni wa sehemu ya juu ya suruali siupendi, na nawashauri wateja wangu wauache. Pale katikati miguu inapokutana pamepinda, ukipafunga kwa mstari ulionyooka panabaki kama kifundo, vitu vinalala upande. Zipu na kifungo vinaongeza uzito mbele bila faida. Na kumbuka hapo ndipo suruali inapochakaa kwanza. Tumia miguu. Fungua miguu miwili, iunganishe ubavu kwa ubavu iwe kitambaa kimoja kipana, mapindo yote mawili yakiwa upande mmoja. Hapo ndipo mdomo. Shona ubavu uliobaki na chini, bana kona kama za kikapu ila inchi 3 badala ya 2. Mishikio ni mkanda wa kiunoni wenyewe: ukate katikati upate vipande viwili. Kila ncha iingie ndani ya mdomo inchi 3, ishone mraba na msalaba katikati yake. Mshikio unang'oka kwa sababu umeshikiliwa na mstari mmoja tu. Huo mraba na msalaba wake unaugawa mzigo.

#8

Mimi nilijaribu zamani kutengeneza kifuko cha rimoti cha kulaza kwenye mkono wa kochi. Rangi ilihamia kwenye kitambaa cha kochi, cheupe, haijatoka mpaka leo. Mama mkwe aliniambia ningeloweka kwenye chumvi na siki kwanza. Ni kweli?

#9

Chumvi inasaidia, hata kanga mpya tunaloweka chumvi.

#10 (mleta uzi)

Kwa jinzi, hapana. Naelewa mazoea yanakotoka, ila rangi ya bluu ya jinzi ni ya namna yake. Haiingii mpaka kiini cha uzi. Inakaa juujuu, imezunguka uzi kwa nje, ndiyo maana jinzi inapauka magotini na ukikata uzi mmoja unaona katikati ni mweupe. Kitu kilichokaa juu kinatoka kwa kusuguliwa, na chumvi wala siki haikigandishi. Dawa ni kufua, maji yabadilishwe mpaka yatoke meupe, halafu sugua kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya jinzi uone kama kinabadilika.

Kwa kochi jeupe chagua jinzi iliyopauka kabisa, ambayo imeshafuliwa miaka. Hiyo imeshatoa ilichokuwa nacho. Jinzi ya bluu iliyoiva ipeleke nyuma ya mlango au jikoni. Na ubavu wa chini unaogusa kochi ushonee kitenge, kifuko kitashika pia kisiteleze.

#11

Mleta uzi, hoja yangu ni ya tofauti. Kuna watoto wanatembea na suruali zimeisha. Kwa nini tukate jinzi badala ya kuwapa?

#12 (mleta uzi)

Swali zuri na nakushukuru kuliuliza. Jinzi inayovalika isikatwe. Kiraka cha goti ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote, na suruali iliyochanika kati ya mapaja mara moja bado inazibika ikatoka nzuri. Ikiletwa kwangu jinzi ya namna hiyo ili ikatwe vikapu, nitamshauri mwenyewe aizibe na kumpa mtu. Ninazozungumzia ni zile ambazo kitambaa cha mapajani kimekuwa chepesi pande zote, ukiziba hapa inapasuka kando ya kiraka. Hiyo ukimpa mtoto umempa aibu ya wiki ijayo. Ila chini ya goti na juu ya mfuko bado ni kitambaa kigumu cha miaka mingi.

Na kama huna jinzi kuukuu kabisa, ulizia kwa fundi anayepunguza suruali mtaani kwako. Kila anapopunguza urefu, hukata kile kipande cha chini chenye pindo lake. Kina inchi 3, 4, wakati mwingine 5, na kiko kama bangili. Mafundi wengi wanavitupa au wanafutia mafuta ya cherehani, ukimwomba kwa adabu atakupa mfuko mzima. Shona upande uliokatwa, bana kona nusu inchi, umepata kikopo cha kalamu, cha vibanio vya nguo, cha vijiko vya chai, cha miswaki. Cha miswaki kiwe bila kitu chochote ndani, kikauke, na kifue kila unapofua taulo. Vikiwa vingi vipange bega kwa bega ndani ya droo, au vishone kwa mgongo kwenye ubavu wa mkanda wa kiunoni, uuning'inize jikoni kwa tundu lake la kifungo.

#13

Hilo la vipande vya chini sikuwahi kuliwaza, na fundi yupo mlango wa pili hapa kwangu. Swali la mwisho mkuu: kifuko cha chaja nacho kinatoka humo?

#14 (mleta uzi)

Hicho kipe mfuko wa nyuma. Ukate pamoja na kitambaa cha nyuma yake, ukiacha inchi moja pande tatu na inchi 5 juu. Kingo zikunje nyuma uzishone. Ile sehemu ya juu ikate tundu la kupita kichwa cha chaja, ukingo wa tundu uukaze kwa mishono ya karibu karibu kama tundu la kifungo. Chaja inapita kwenye tundu, inaingia kwenye soketi na kukishikilia kifuko, simu inakaa mfukoni badala ya kulala sakafuni. Tundu lisibane chaja, liache nafasi ya kidole pande zote ili joto lipate pa kutokea.